Siku Zako na Simu Yako

Nanganga, Masasi

Kwa mjukuu wangu,

Bibi yako amesikia kwamba wasichana wa chuo sasa wanahesabu siku zao kwenye simu. Hana ugomvi na hilo. Kwenye ukunga aliwaona wengi wasiojua hedhi yao ya mwisho ilianza lini, ikabidi umri wa mimba ukadiriwe kwa kupapasa tumbo. Mwenye kumbukumbu za miezi sita humrahisishia daktari kazi: damu inayopitiliza siku saba na maumivu ya kumlaza mtu kitandani vyote vimeandikwa.

Tatizo ni zile “siku za hatari” za kushika mimba ambazo programu ya simu hutabiri. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, na hiyo ijayo bado haijafika; programu inaikisia kwa wastani wa miezi iliyopita. Mzunguko wa msichana unaweza kuwa wa siku 25 mwezi huu, 38 mwezi ujao, na mbegu za mwanamume huishi hadi siku tano. Mwaka 2018 hospitali ya Södersjukhuset, Stockholm, ilieleza kuwa kati ya wanawake 668 waliofika kutoa mimba, 37 walikuwa wakitegemea Natural Cycles, programu inayotumia hata joto la mwili. Kampuni ilijitetea kuwa idadi hiyo ilitarajiwa. Basi hizi za bure, zisizopima chochote?

Na siri je? Anayofundwa mwali hayatoki nje ya unyago. Flo, programu inayotumiwa na mamilioni, ilidaiwa na Tume ya Biashara ya Marekani kwamba iliwaahidi wanawake usiri huku ikipeleka taarifa zao Facebook na Google. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2021. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, ila kuibana kampuni iliyo ng'ambo si kazi ndogo.

Halafu kuna kaka na mchumba wanaoweza kuchungulia. Huku kwetu simu moja huzunguka nyumba nzima!

Anayetaka programu aitazame Oky ya UNICEF, iliyoanza Indonesia na Mongolia mwaka 2020 na Kenya ikapata ya Kiswahili. Haidai jina halisi, haihitaji bando kila mara, na wasichana kadhaa hutumia simu moja, kila mmoja na namba yake ya siri.

Hedhi ikichelewa wiki, kipimo cha mkojo kipo duka la dawa. Usingoje simu ikuambie.

Bibi yako