Mlima wa Ugenini

Nalizaliwa Machame, chini ya Kilimanjaro, na tangu utoto nimezoea kuitazama theluji ya Kibo asubuhi, mawingu yanapofunuka. Nimepanda mara mbili hata kileleni, mita 5895. Basi mwaka 2016 nilipokwenda Uswisi kujiongezea maarifa ya ualimu, mwenyeji wangu akanialika kupanda naye milima ya Davos wakati wa baridi. Sikusita. Nalisema moyoni, "Mlima ni mlima."

Huko theluji ni nyingi, mtu akienda kwa viatu tu huzama. Kwa hiyo hufunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, ziitwazo skii. Akitaka kupanda, hubandika chini ya kila ubao utepe wenye manyoya mafupi yaliyolala kuelekea nyuma. Ubao husonga mbele, wala haurudi nyuma. Kisigino huachwa huru. Afikapo juu hubandua tepe, hufunga kisigino, akateleza mpaka bondeni. Zamani tepe hizo zilikuwa ngozi za sili, mnyama wa bahari za baridi. Na hata leo, ingawa zafumwa kwa nyuzi, huitwa ngozi.

Siku za kwanza nalianguka mara nyingi, hata watoto wakanicheka. Nalikuwa nikiinua miguu kama mtu avukaye tope, kumbe yapasa kuiburuta. Lakini kwa mwendo wa pole pole na kutunza pumzi, Kilimanjaro ilikuwa imenifundisha vema, nikasifiwa. Sifa ile ikanilevya.

Kila mtu alivaa kifuani chombo kidogo kitoacho mawimbi ya redio, ili akifukiwa na theluji wenzake wapate kumtafuta. Tena alichukua koleo, na fimbo ndefu ya kuchomea theluji ili kumpapasa aliye chini. Kila jioni mwenyeji wangu alisoma taarifa ya hatari ya maporomoko, itolewayo na taasisi ya kuchunguza theluji iliyoko Davos. Hatari huhesabiwa toka 1 mpaka 5. Jioni moja ilikuwa 3. Nikafikiri, "Tatu ni katikati, si neno."

Kesho yake, tulipokuwa tukirudi kutoka juu ya bonde la Dischma, nikaona mteremko mweupe, laini kama shuka iliyopigwa pasi, ambao ungalitufikisha chini upesi. Mwenyeji wangu akasema, "Mwalimu, tusipite hapo. Mteremko huu wazidi digrii 30, na upepo wa jana umeihamisha theluji ya upande wa pili na kuirundika huku, juu ya tabaka dhaifu."

Nalikuwa nimechoka. Nikamjibu, "Mbona pametulia?" Nikasonga hatua chache.

Mara nikasikia kishindo chini ya miguu, kama gunia la mahindi liangukalo sakafuni. Ufa ukakimbia mbele yangu, na mteremko wote ukakatika, ukashuka kwa ngurumo. Mimi nikasalia ukingoni, penye ubapa, nikitetemeka.

Nalidhani atanikaripia. Yeye alinitazama kwanza kama nimeumia, kisha akauliza, "Mwanafunzi wako angefanya hivi, ungemwambia nini?" Sikuwa na jibu.

Tulikuwa wawili tu. Mtu akifukiwa na theluji, baada ya dakika 10 matumaini ya kumpata hai hupungua sana. Yeye peke yake angalishuka kunichimbua, chini ya mlima ambao ungaliweza kuporomoka tena. Kumbe sikuhatarisha maisha yangu tu, bali na yake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, ila majivuno yangu yalivunjika. Tangu siku ile nalisoma taarifa mwenyewe kila jioni, na kabla ya kila mteremko nalimwuliza mwenyeji wangu, "Hapa waonaje?" Tulipanda pamoja mpaka theluji ikayeyuka.

Nanyi wanafunzi, siku moja mtaondoka kwenu. Wa milimani atafika baharini, na wa pwani atafika milimani. Maarifa ya kwenu ni mali, yachukueni. Lakini mkifika ugenini, msione haya kumwuliza mwenyeji, na akiisha kujibu, msikieni.