Newala, usiku wa bendi ya wazee

Kutoka Masasi kwenda Newala ni kupanda. Masasi iko chini, kati ya milima ya mawe matupu unayoiona kabla hujauona mji wenyewe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu, unaona ardhi inavyoporomoka kuelekea bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Njiani ni mikorosho tu.

Nilikwenda huko kuandika habari za shinikizo la damu kwa wazee. Jumamosi jioni mwenyeji wangu, mama mjane mwenye miaka 67, aliniambia, "Mwanangu, leo bendi ya wazee inapiga. Twende."

Kijana wake mkubwa hakutaka. Alisema mama ana presha, kelele zitamzidishia. Tena watu watasemaje wakimwona ukumbini na baba ana mwaka mmoja tu kaburini?

Mama alikuwa anajifunga kanga. "Presha inanipanda nikishinda ndani peke yangu," akamjibu.

Tukaenda wote watatu.

Wanamuziki walikuwa saba, wengi wao wenye mvi. Mpiga solo alikaa kwenye kiti cha plastiki, miwani ikimteleza puani, lakini vidole havikuteleza. Walipiga zilipendwa, nyimbo ambazo watu wa rika la mama walizijua kupitia Radio Tanzania. Nyingi zilikuwa za Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi. Jina la chama lilipobadilika, nayo ikabadilika: JUWATA, kisha OTTU, hatimaye Msondo. Mwimbaji wake mashuhuri, Muhidin Gurumo, alifariki mwaka 2014, lakini ukumbi mzima ulimwitikia kama yupo jukwaani.

Msondo ni ngoma ndefu ya unyagoni, na huku ngoma haihitaji mwalimu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala na mashine ya kunasa sauti, akarekodi nyimbo za wenyeji. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, gitaa lilipoingia kwenye chemko, wale wazee waliacha dansi la kushikana mikono wakazungusha viuno kwa sindimba. Mpiga tumba akawafuata wao, si wao kumfuata yeye. Vijana waliokuja kucheka wakaishia kupiga makofi.

Mama alicheza nyimbo nne, akapumzika, akacheza mbili. Wimbo wa polepole ulipoanza alikaa kimya, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Marehemu mumewe aliupenda huo. Kijana wake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akaja akamwinua, wakacheza hadi mwisho.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu huniuliza kama mzee mwenye presha aruhusiwe kucheza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwamo wenye miaka 65 na zaidi, wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Wazee huongezewa mazoezi ya kuimarisha misuli na kuwasaidia wasianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Dansi linafaa kwa yote hayo. Kama presha yake haijatulia, au ana maumivu ya kifua au kizunguzungu, aonane kwanza na daktari.

Kwa wengine, mambo ni machache. Ameze dawa zake kama kawaida. Mkae mbali na spika. Avae viatu visivyoteleza, awe na maji karibu, na apumzike anapotaka yeye. Mtu mmoja wa nyumbani awe naye, si wa kumlinda tu, bali wa kucheza naye.

Leo jioni muulize mzazi wako alicheza wimbo gani ujanani. Kisha ulizia ni bendi gani bado inaupiga.