Penseli Haichori Nuru

Jumamosi moja ya kiangazi tulikaa kwenye mabenchi chini ya mwembe, hapa Isevya, Tabora: mchungaji, wazee wa kanisa na vijana. Msharika mwenzetu, mwalimu mstaafu wa sanaa, alitugawia penseli akasema tuchore nyumba iliyo mbele yetu, ya tofali na bati lenye kutu.

Tulikosea sote. Tulijua kuta zina kimo kimoja kila upande, tukazichora hivyo. Nyumba ikawa kama boksi lililokaliwa. Mwalimu akatufumbisha jicho moja. Kumbe mstari wa paa unashuka kadiri unavyokwenda mbali, wa msingi unapanda, na yote inaelekea mahali pamoja, kwenye usawa wa macho. "Mnachora mnachokijua," alisema. "Choreni mnachokiona."

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Hatukuweka kivuli, tukiogopa kuchafua karatasi. "Baba Mchungaji," akasema, "penseli haichori nuru. Nuru ni karatasi uliyoiacha nyeupe. Weka kivuli mahali pake, nuru itaonekana."

Wiki iliyofuata alitupeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, kuchora tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Tumezoea kuwasimulia watoto habari za mtu huyo aliyepinga utumwa. Lakini tembe lilikuwa la wafanyabiashara wa Kiarabu, na njia ya misafara iliyopita hapo kwenda Bagamoyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kijana mmoja aliuliza, "Na hao tunawachora wapi?" Tulinyamaza, maana swali lilitugusa pengine.

Kwa mwaka mzima tulikuwa tumewatangazia washarika kwamba ujenzi wa darasa la Shule ya Jumapili unaendelea vizuri. Haukuendelea. Sehemu ya fedha za bati tulilipia deni jingine la usharika, kisha tukaona aibu kusema. Kila Jumapili tuliongoza maungamo, tukaiacha karatasi yetu bila kivuli. Waraka wa kwanza wa Yohana, katika sura ya kwanza, unaweka pamoja kutembea nuruni na kuziungama dhambi. Tumeuhubiri mara nyingi.

Jumapili iliyofuata tulisoma hesabu zote mbele ya usharika. Mama mmoja, aliyechangia kwa kuuza maandazi, alisimama akauliza: "Mlinyamaza kwa nini, wachungaji wetu na wazee wetu?" Hatukuwa na jibu, tukaomba msamaha. Wengine walitusamehe siku ile. Wengine sadaka zao zilipungua, nasi hatukuwalaumu.

Tulimwomba mama yule awe anahesabu sadaka pamoja nasi. Alikubali. Huhesabu polepole, mara mbili, bila kuzungumza sana. Bati bado halijatimia, lakini sasa kila mmoja anajua zimebaki ngapi.