Ringi 14 au 16? Chagua saizi ya tairi kwa kuangalia njia unayopita



Msimu wa kahawa ukiisha na malipo ya AMCOS yakishaingia, simu yangu hubadilika. Maswali ya mnyauko wa migomba yanapungua kidogo, maswali ya magari yanaongezeka. Wala sishangai. Huku Karagwe na Kyerwa gari dogo limeshakuwa chombo cha kazi kama jembe na pampu ya kupulizia dawa. IST, Vitz, Passo au Probox hiyo hiyo inapeleka maharage gulioni asubuhi, mchana inabeba miche, jioni inabeba abiria, na usiku inampeleka mgonjwa hospitali.

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana ni hili: "Bwana shamba, nikitoa hizi ringi 14 nikaweka 16 pana za kimichezo, gari si litapendeza na kukaa vizuri barabarani?"

Jibu langu ni kwamba kupendeza litapendeza, na kwenye lami nzuri kama ile ya Kyaka hadi Bugene litakata kona vizuri zaidi. Lakini ukiacha lami ukaingia njia ya changarawe ya kijijini, umenunua hasara. Nitakueleza kwa nini, kisha nikuonyeshe namna ya kuchagua ili pesa yako ya kahawa isiishie kwa fundi wa kuziba pancha.

Jambo lililonifanya niandike

Kuna kijana mfanyabiashara wa maharage upande wa Kaisho, namfahamu vizuri. Alikopa kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, akatoa ringi za kiwandani, akavaa ringi 16 zenye matairi membamba ya ubavu. Gari likawa zuri kweli, hata mimi nililisifu.

Usiku mmoja wa masika jirani yake alimgongea mlango. Mke wa jirani alikuwa ameshikwa na uchungu. Kijana hakusita, akawasha gari. Kwenye korongo dogo lililokatiza barabara, tairi la mbele lilibanwa kati ya jiwe na ringi, ubavu ukachanika na ringi ikapinda ukingo. Akatoa spea, na hiyo ilikuwa bado ile ya zamani ya ringi 14. Nati za ringi mpya zilikuwa za aina nyingine na hazikukaa sawasawa kwenye ringi ya chuma. Yule mama alimalizia safari kwenye bodaboda, mvua inanyesha, mume akitembea nyuma na tochi. Mama na mtoto wako salama, namshukuru Mungu. Ila kijana yule aliniambia hawezi kusahau jinsi yule mzee alivyoliangalia gari bila kusema neno.

Hakuna aliyemdanganya kijana huyu. Aliuziwa alichoomba. Ila hakuna aliyemsomea namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, nazo ndizo zinazosema kila kitu.

Soma namba za tairi

Chukua mfano wa tairi lililoandikwa 175/65R14 82S.

175 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani asilimia 65 ya 175, ambayo ni karibu milimita 114. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na matairi karibu yote ya magari madogo ya leo ni hayo. 14 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. 82 ni namba ya uzito: tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 475. S ni mwendo wa mwisho, kilomita 180 kwa saa, ambao wewe na mimi hatuuhitaji.

Sasa lipime na lile la kimichezo, 195/45R16. Ubavu wake ni asilimia 45 ya 195, yaani karibu milimita 88. Ukisimamisha matairi haya mawili pamoja, urefu wake wote unakaribiana sana: la kwanza ni milimita 583, la pili 582. Maana yake gari halijanyanyuka hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba umeongeza chuma katikati na kupunguza mpira na upepo pembeni. Umepoteza milimita 26 za ubavu, karibu upana wa vidole viwili.

Ubavu huo ndio godoro la gari. Gurudumu likigonga jiwe, ubavu unabonyea, unameza pigo, unarudi. Ukiwa mfupi, jiwe linafika kwenye ringi. Ringi za aluminiamu zinapasuka, na za chuma zinapinda. Pigo ambalo tairi halikulimeza linakwenda kwenye shokapu, bushi, bolijointi na beringi. Ndiyo maana wenye ringi pana wanaonekana sana gereji wakibadilisha vitu vya chini.

Upana na tope letu

Wengi wanaamini tairi pana linashika zaidi. Kwenye lami kavu, ni kweli. Kwenye udongo wetu mwekundu uliolowa, mambo ni tofauti. Tairi pana lenye kashata za lami linaelea juu ya tope, kashata zinajaa udongo, gari linateleza kama limepakwa sabuni. Tairi jembamba linakandamiza zaidi, linakata tope la juu na kufika kwenye udongo mgumu chini. Wazee wanaokumbuka Land Rover za zamani watakwambia matairi yake yalikuwa membamba na marefu, na yalipanda milima yetu kabla lami haijafika.

Kwa hiyo ukitaka kubadilisha saizi kwa ajili ya njia za vijijini, usiongeze ringi. Ongeza ubavu. Mfano, kutoka 175/65R14 kwenda 175/70R14 ringi inabaki ile ile. Urefu wa tairi unafika karibu milimita 601, gari linanyanyuka kwa karibu milimita 9, na godoro linanenepa.

Usizidishe. Kanuni nzuri ni kwamba urefu wote wa tairi jipya usipishane na wa kiwandani kwa zaidi ya asilimia 3. Ukiweka 185/70R14 mahali pa 175/65R14, umezidi asilimia 5. Spidi mita ikisoma 80, wewe uko 84. Tairi linaweza kugusa madigadi ukikata kona na mzigo, na injini ndogo inachoka mapema mlimani.

Mzigo kwanza, urembo baadaye

Hapa nazungumza na wenzangu wa gulio. Gari dogo likiwa tupu lina uzito wa karibu tani moja. Ukipakia magunia 3 ya kilo mia mia, dereva na abiria mmoja, sehemu kubwa ya mzigo inakaa kwenye matairi mawili ya nyuma. Tairi lenye namba 82 linabeba kilo 475. Yapo matairi ya ringi 16 yenye namba 80, ambayo ni kilo 450 tu. Umelipa pesa nyingi zaidi, umepata tairi linalobeba kidogo zaidi.

Kwa Probox ya biashara, tafuta matairi ya mizigo, yale yenye herufi LT na maandishi 6PR au 8PR. Ubavu wake ni mgumu zaidi na unastahimili uzito. Na hata ukiwa nayo, tairi kubeba haina maana springi na breki nazo zinabeba. Rumbesa ni rumbesa, iwe sokoni au kwenye buti.

Kama lazima upendeze

Sikatazi mtu kupenda gari lake. Kijana anayefanya kazi ana haki ya kujivunia chombo chake. Fanya hivi: nunua ringi za aluminiamu za saizi ile ile ya kiwandani, au panda inchi 1 tu kama gari hilo kiwandani lilikuwa na toleo la ringi hiyo. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo manne.

1. Matundu ya nati. IST na Vitz nyingi ni 4x100, yaani matundu 4 kwenye duara la milimita 100. Fundi akisema "tutalazimisha tu", ondoka.
2. Tundu la katikati. Likiwa kubwa kuliko kitovu cha gari, weka bangili ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka.
3. Ringi isitokeze nje. Gurudumu linalotoka nje ya madigadi linakula beringi na kurushia watu tope.
4. Nati ziendane na ringi, na spea iwe ya urefu sawa na mengine manne. Kama nati za spea ni tofauti, ziweke kwenye buti pamoja na spana yake.

Matairi ya mtumba kutoka Japani

Hapa watu wengi wanaumia. Tafuta neno STUDLESS ubavuni. Hilo ni tairi la theluji. Mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike kwenye baridi kali. Kwa jua letu linaisha upesi, na kwenye lami iliyolowa halishiki vizuri. Kashata zake zinaonekana nene na za kuvutia, ndiyo maana linauzika haraka.

Angalia pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT au namba za kiwanda. Zikisoma 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka mingi hukakamaa na kupasuka mistari hata kama kashata bado zipo. Ndani ya mifereji ya kashata kuna vialama vidogo vilivyoinuka. Kashata zikilingana na vialama hivyo, zimebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha. Usisubiri liwe kipara, hasa kabla ya masika.

Upepo ni dawa ya bure

Fungua mlango wa dereva, utaona karatasi iliyobandikwa yenye saizi ya kiwandani na upepo wake. Magari ya Japani mara nyingi yameandikwa kwa kPa. 220 kPa ni sawa na psi 32. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Kupunguza upepo sana ili gari liwe laini kunaua ubavu, na kuzidisha kunalifanya tairi liruke na kuchagua mawe. Kama karatasi ina namba tofauti kwa gari lenye mzigo, ifuate siku ya gulio.

Piga hesabu kama unavyopiga ya mbolea

Usiulize tairi ni bei gani tu. Uliza kilomita moja inanigharimu kiasi gani. Tuseme matairi 4 mapya ya saizi ya kawaida ni shilingi 600,000 na yanakwenda kilomita 30,000. Hapo ni shilingi 20 kwa kilomita. Tuseme ya mtumba ni 280,000 na yanakwenda kilomita 8,000. Hapo ni shilingi 35, bila pancha. Weka bei halisi za dukani kwako, andika kwenye daftari tarehe na kilomita kila unapobadilisha. Baada ya mwaka mmoja daftari litakushauri kuliko mimi.

Saizi zisizo za kawaida zina gharama nyingine isiyoandikwa. Ukichanikiwa Murongo au Nkwenda jioni, tairi la ringi 14 kuna uwezekano mkubwa wa kulipata. Lile la 195/45R16 utalisubiri litoke mjini, na maharage ya watu yako kwenye buti.

Kwa kifupi

Fuata saizi iliyo mlangoni. Ukibadilisha, ongeza ubavu kabla ya ringi, na usizidi asilimia 3. Namba ya uzito isipungue ile ya kiwandani. Spea ilingane na mengine na uwe na nati zake. Kataa STUDLESS. Pima upepo kila wiki.

Yule kijana wa Kaisho aliuza zile ringi kwa mtu anayeishi lami, akalipa sehemu ya mkopo, akarudi kwenye ringi 14 na matairi yenye ubavu mnene. Gari halipigwi picha tena, ila jirani bado anamgongea mlango usiku, naye anatoka.

Kama una gari na hujui namba zake zinasema nini, njoo nalo siku ya gulio tulisome pamoja. Kuangalia hakuna malipo.