Kutoka Machakos, Kuutafuta Mji wa Pwani Uliotulia

Asubuhi za mwezi wa Julai, mtu akikaa barazani kwetu hapa Machakos havioni vilima vya Iveti. Ukungu huvifunika mpaka jua lipande, na baridi yake hupenya shuka mbili na blanketi. Tulipanda huku kutoka Mombasa miaka ishirini na sita iliyopita kwa sababu ya kazi ya ualimu, tukidhani tutakaa miwili au mitatu kisha turudi. Watoto wetu wote wanne wamezaliwa hapa. Huupenda muthokoi kuliko wali wa nazi, na wakigombana hugombana kwa Kikamba ili bibi yao asijue nani mwenye kosa.

Mwaka huu mmoja wetu amestaafu, na magoti ya Mama yamekataa katakata kuizoea baridi ya huku. Usiku mmoja, baada ya Isha, alitutazama tukimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyoganda chupani kama samli, akasema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Hakuongeza neno. Toka siku hiyo tukaanza kuutafuta mji.

Ndugu wasomaji wengi watauliza kwa nini hatukurejea Mombasa moja kwa moja. Nyumba ya urithi kule ina warithi kumi na mmoja, na fungu letu halitoshi hata chumba cha kulala. Isitoshe, Mombasa tuliyoiacha siyo iliyopo. Tulitaka mji wa pwani wenye utulivu, ambamo bibi mzee anaweza kuvuka njia bila kushikwa mkono na watu wawili.

Tumewaona wageni kutoka Ulaya wakichagua miji yetu: Wataliano wa Malindi na Watamu, na wenye kukarabati majumba ya kale kule Shela. Wao, kwa tulivyowasikia, huanza na ufuo, kisha bei ya nyumba. Hatuwalaumu, kila mtu na haja yake. Sisi bahari tumezaliwa nayo, kwa hiyo haikuwa swali. Tuliuliza msikiti uko hatua ngapi kutoka mlangoni, hospitali iko wapi usiku wa manane, mtoto wetu wa mwisho atasoma wapi, na jirani ni nani. Waarabu husema jirani kwanza, kisha nyumba, nasi tuliopata kukaa ugenini tunajua ukweli wa maneno hayo.

Lamu ndiyo iliyokuwa ya kwanza moyoni. Ni mji wa kale ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, punda ndiye mwenye njia, na adhana husikika kabla ya injini yoyote. Lakini kuufikia ni kushuka chomboni, na kuondoka ni kupanda chomboni, na magoti tuliyoyataja hayawezi ngazi za gati. Mgonjwa mzito huvushwa maji kabla ya kupelekwa Mombasa. Tukaufunga ukurasa huo kwa huzuni. Kilifi nayo ni nzuri, tena imepata chuo kikuu, ila bei ya kiwanja kilichotazama hori ilitufanya tucheke, tukamshukuru dalali, tukaenda zetu.

Tanga ilitujia bila kutafutwa. Tulialikwa harusi baada ya Idi, tukapandia basi la Mombasa pale njia panda ya Kyumvi, tukavuka Likoni kwa feri siku ya pili, tukafika Lunga Lunga. Mkenya haombi viza kuingia Tanzania. Tulipigiwa mhuri upande wa Horohoro, na kabla ya Magharibi tulikuwa Ngamiani, mtaa ambao barabara zake zina namba badala ya majina. Mtu akiulizwa anakaa wapi hujibu namba tu, na mgeni hapotei. Baiskeli ni nyingi kuliko magari. Jioni watu wazima huonekana wakipiga mwendo wa polepole, mkoba wa samaki ukining'inia kwenye usukani, wakisalimiana bila kushuka.

Mama alikaa siku nne. Siku ya tatu tulimkuta amesimama mlangoni mwa mwenyeji wetu bila fimbo. Hatukumuuliza kitu, maana tulichelea kuiharibu bahati.

Tulijiuliza utulivu wa Tanga umetoka wapi. Mji huu haukuzaliwa mdogo. Wajerumani walianza kujenga reli hapa mwaka 1893, mwaka ule ule mkonge ulipoletwa katika nchi hiyo, na kwa miongo mingi bandari hii ilijaa marobota ya katani. Kisha kamba za nailoni zikauvunja soko, mashamba yakadorora, na Dar es Salaam ikachukua bandari na biashara. Hapo ndipo tulipokumbuka Machakos yetu. Nayo ilikuwa kituo cha utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijawa mji. Reli ilipotoka Mombasa haikupita huku. Ilikata bondeni, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ofisi zikaifuata. Leo watu wengi hulijua jina la Machakos kwa kituo cha mabasi kilichoko Nairobi. Pengine miji iliyotulia yote ni miji iliyopitwa na jambo fulani, na sisi tumekuwa tukiufaidi upweke wa Machakos bila kuujua asili yake.

Ila utulivu wa namna hiyo hauna mkataba. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, limekusudiwa kuishia Chongoleani, karibu kabisa na Tanga. Vijana wa mjini tuliozungumza nao wanalingoja kwa hamu kwa sababu wanataka kazi. Je, tuwaombee wasipate ili sisi tulale vizuri? Mtu mgeni asiyetafuta riziki mjini huweza kuutamani ukimya ambao kwa mwenyeji ni njaa. Tuliona haya kidogo kwa hilo, na mpaka sasa tunaona.

Kisha likaja suala la karatasi, ambalo ndilo lililotukesha. Kwa sheria ya ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Sisi wastaafu hatuwekezi kitu ila umri uliobaki. Tungebaki wapangaji maisha yetu yote, na kwa kukaa tungehitaji kibali cha ukaazi, kulipiwa na kuhuishwa. Uraia pacha Tanzania haina. Bima yetu ya afya ni ya Kenya na mwisho wake ni Lunga Lunga. Ipo hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo, na tuliipita kwa makusudi tukauhesabu mwendo wa bajaji, lakini kule tutalipa kwa mkono.

Hapa pana jambo lililotutatiza sana. Machakos tuna hati ya kiwanja, kitambulisho na kura. Hata hivyo kwa miaka mingi sokoni tuliitwa watu wa pwani, na bei ya maembe ikapandishwa kidogo kwa ajili ya lafudhi yetu. Tanga hatuna hata haki ya kumiliki mti wa mnazi, na bado muuza kahawa alimwita Mama "shangazi" siku ya kwanza, akamuuliza ukoo wake, na kabla kikombe hakijapoa walikuwa wamekutana kwa babu mmoja wa Vanga. Mgeni wa kweli aligeuka kuwa mtoto wetu wa mwisho. Aliingia dukani akasema, "Nipe soda." Duka zima likageuka. Mwenye duka, kwa upole, akamfundisha: "Sema naomba, mwanangu." Alisema naomba, uso umemwiva, kisha njiani akatuuliza kwa nini mtu aombe kitu anachokilipia. Hatukuwa na jibu zuri. Shule ya msingi ya serikali kule hufundisha kwa Kiswahili, na yeye masomo yote ameyajua kwa Kiingereza. Huyo ndiye atakayehama hasa, sisi wengine tunarudi tu.

Tulikaa vikao vitatu baada ya kurejea. Mkubwa wao alitaka tuuze nyumba ya Machakos tumalize. Mdogo alilia. Tuliamua kuchukua nyumba ya kupanga huko Tanga kwa mwaka mmoja, vyumba vitatu na uwa wenye mkungu, msikiti uko nyumba ya tano. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya huko, jambo lililotushtua sisi tuliozoea kulipa mwezi kwa mwezi. Tukashikana mpaka akaridhia miezi sita. Mtoto atamaliza mwaka wake wa shule hapa kwanza, kwa dada yake. Mama ameshafunga mizigo, ingawa safari ni mwezi wa Januari. Ameuliza jambo moja tu: dirisha lake linatazama kusi au kaskazi?

Nyumba ya Machakos hatukuiuza. Jana tulimpelekea funguo jirani yetu wa upande wa juu, mama wa Kikamba tuliyezika naye na kuoza naye kwa miaka yote hiyo, ambaye mwezi wa Ramadhani hutuletea uji kabla ya adhana ya Magharibi. Alizifunga kwenye pindo la leso, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku mkiamua kuuza, tafadhalini, msimuuzie mgeni."