Ufa Usio na Jina

Nyumba ya mama yangu ipo Kilambo, upande wetu wa Mto Ruvuma, pale mto unapokaribia bahari na mikoko. Niliijenga kwa mshahara wangu wa ualimu na fedha za misimu miwili ya korosho zake. Leo ukuta wa magharibi una ufa unaoanzia kwenye lenta na kushuka hadi msingini. Ukiupapasa, plasta inamomonyoka kama unga wa muhogo. Mama amerudi kulala katika jiko lake la zamani la fito na udongo. Anasema, “Mwanangu, hili halijawahi kunitisha.”

Chanzo ninakijua. Mchanga uliotumika ulichotwa karibu na maji chumvi, na mfyatuaji alitoa matofali 60 katika mfuko mmoja wa saruji. Nilimsifu kwa kunipunguzia gharama. Mimi, mtu mwenye shahada tatu, sikuuliza swali hata moja.

Nilikwenda kuulizia msaada katika ofisi moja. Mtumishi alinipokea kwa heshima na kunijibu kwa ukweli: “Mwalimu, ingebomolewa na upepo au mafuriko, ningeandika taarifa. Hii imepasuka yenyewe.”

Jibu hilo limenikaa moyoni, kwa sababu ndilo linaloeleza utaratibu wetu. Msaada wa nyumba katika nchi hii hufuata tukio lenye jina na tarehe, na hata hapo hauna uhakika. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi wa mkoa huo kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba; kipaumbele kilikuwa miundombinu ya umma. Matope ya Mlima Hanang yalipoikumba Katesh Desemba 2023, uamuzi ukawa mwingine: serikali na wadau waliwajengea waathirika nyumba zaidi ya 100. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, ukaguzi wa majengo uliagizwa watu wakiwa wamekwisha kufa.

Ufa unaokua polepole haupigwi picha wala hautembelewi na kiongozi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inalenga shughuli za kiuchumi za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukuta wa bibi kizee haumo.

Je, hili ni jambo lisilowezekana? Nchini Ireland, maelfu ya nyumba, hasa Donegal na Mayo, zilipasuka kwa sababu ya madini yaliyokuwamo ndani ya matofali yenyewe. Hapakuwa na tetemeko wala tufani. Wenye nyumba waliandamana kwa miaka, na mwaka 2022 ikatungwa sheria ya kuwapa ruzuku ya ukarabati. Hoja yao ilikuwa nyepesi: raia hawezi kulipima tofali kwa macho, dola inaweza kulipima.

Najua hatuna hazina ya Ireland, na sidai kila ukuta ujengwe upya kwa kodi ya wananchi. Ninadai kilicho ndani ya uwezo wetu. Halmashauri iwafikie wafyatuaji matofali na kupima kazi yao kabla haijauzwa. Mhandisi wa wilaya awe na siku ya kufika vijijini kusikiliza wenye nyumba. Utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi ufike Kilambo kwa lugha ya fundi. Na uwepo mkopo wa riba ndogo kwa mwenye nyumba aliyeuziwa ubovu asiouona.

Methali inamwonya asiyeziba ufa kwamba atajenga ukuta. Haijasema lolote kuhusu ufa ulioletwa na tofali lenyewe, ukawa umekwisha kuingia nyumbani siku ile ile tuliyoshangilia paa.

Masika yanakaribia. Nimepeleka magogo mawili ya kuegemeza ukuta. Mama ameyatazama, kisha akaniuliza kama serikali imejibu. Nimemwambia wameniandikia namba ya faili. Akatikisa kichwa, akaingia jikoni kwake kulala.