Jua linasaidia, lakini halifiki mapafuni

Mwezi Juni ukiingia, baridi ya Mbozi haina mchezo. Nanyala, pembeni mwa barabara kuu inayopeleka malori Tunduma, watu hufunga madirisha mapema, wengine huziba mianya kwa magunia, na familia nzima hulala chumba kimoja ili kupata joto.

Katika nyumba moja ya aina hiyo, baba wa watoto watatu alikohoa hadi wiki ya tatu. Usiku alilowa jasho, na suruali zilianza kumlegea. Mama yake alikuwa na dawa yake: kila asubuhi alimkalisha mwanawe uani, juani.

"Jua linaua wadudu wote," alimwambia mkwewe. "Sisi tumekua hivyo, mwanangu."

"Sawa mama. Lakini tumpeleke akapime makohozi."

Bibi hakutaka kusikia. Hofu yake ilikuwa majirani: wakisikia TB, wengi huanza kunong'ona Ukimwi. Siku zikapita.

Hata hivyo, bibi hakukosea kabisa. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyetangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu Machi 24, 1882, alieleza mwaka 1890 kuwa jua la moja kwa moja huwaua bakteria hao kwa dakika chache hadi saa kadhaa, kutegemea unene wa tabaka walilomo. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Kabla ya dawa kupatikana, wagonjwa walipelekwa mahali penye hewa safi na jua. Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kama kituo cha wagonjwa wa namna hiyo.

Tatizo ni mahali bakteria wanapojificha. Finsen alitibu ngozi, ambayo mwanga unaifikia. Mapafu yako ndani ya kifua, na hakuna jua linalopenya huko. Hata taa maalumu za mionzi ya urujuanimno zinazotumika katika baadhi ya hospitali hufungwa juu, karibu na dari, ili ziue vimelea vinavyoelea hewani. Hazimulikwi mtu, kwa sababu mionzi hiyo huunguza macho na ngozi.

Kwa hiyo, jua na upepo huwalinda wanaoishi na mgonjwa. Akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa, vitone vyenye bakteria huweza kuelea kwa saa kadhaa. Dirisha likifunguliwa, hupungua haraka. Kumponya mgonjwa mwenyewe ni kazi ya dawa.

Mke alipoona ubishi hausaidii, alibadili maneno. "Mama, jua tumempa wiki tatu. Sasa tumpe na kipimo."

Bibi alinyamaza kidogo. "Basi nitamsindikiza mwenyewe."

Majibu yalionyesha TB. Baba alianzishiwa dawa za miezi 6, ambazo hutolewa bure nchini. Watoto nao waliitwa kuchunguzwa, na mdogo wao, ambaye hajafikisha miaka 5, alipewa dawa za kinga. Magunia yalitolewa madirishani. Usiku wakaongeza mablanketi.

Mtihani mwingine ulikuja mwezi wa pili. Kikohozi kilikata, mwili ukarudi, na baba akasema amepona, vidonge vinatosha. Hapo ndipo wagonjwa wengi huteleza: bakteria waliobaki huweza kuwa sugu, na TB sugu ni ngumu zaidi kuitibu.

Bibi ndiye aliyemkatalia. Tangu hapo kila asubuhi humletea maji na vidonge, na haondoki mpaka amemwona akimeza.